UZI: Gemu la zamani likifufuliwa, lipewe studio gani? KOTOR, Baldur's Gate na wenzake

Fundi_Mlandege (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum wana jukwaa.

Juzi mpwa wangu kaja dukani na simu yake, "Mjomba, nitilie lile gemu lako la Jedi." Nikamtilia KOTOR. Hajafika hata mlangoni akageuka: "Mbona YouTube wanasema linatengenezwa upya? Liko wapi hilo jipya?" Nikabaki na bisibisi mkononi. Jibu lake refu kuliko subira ya mtoto wa miaka kumi na nne, kwa hiyo nakuleteeni nyinyi.

Kwa wasiolijua: Star Wars: Knights of the Old Republic, gemu la BioWare wa Kanada, mwaka 2003. Unachagua maneno ya kusema, unakusanya wenzako, unakuwa mwema au unaharibikiwa. Mie nililetewa na ami yangu wa Maskati, sidii nne ndani ya mfuko wa duka la viatu. Nikawa nalicheza kipindi kile umeme wa Unguja ulipokatika, Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Wakubwa wenzangu mnakumbuka. Jirani yetu Kikwajuni alikuwa na jenereta, akiliwasha magharibi kuwachajia watu simu kwa pesa. Nikaomba waya mmoja upite dirishani. Saa moja kila usiku, na dakika kumi za mwisho kidole kiko juu ya kitufe cha kusevu, maana jenereta likianza kukohoa halikupi nafasi ya kuaga. Kamusi ya Kiingereza pajani. Nusu ya Kiingereza changu nimekipata pale, nusu nyengine skuli, na ile ya skuli nshaisahau.

Sasa hilo jipya. Lilitangazwa Septemba 2021 kwenye onyesho la PlayStation, kazi wamepewa Aspyr wa Texas. Julai 2022 zikatoka habari kwamba kazi imesimama na wakuu wawili wameondolewa. Likahamishiwa studio nyengine, Saber. Machi 2024 Saber nao wakauzwa na bwana wao Embracer. Kila anayeulizwa anasema gemu li hai. Hai huyo hajatoka nje hata kuota jua.

Swali langu: ungekuwa wewe ndiye mwenye mali, unalo gemu la zamani ambalo watu wanalipenda kama nyumba ya bibi yao, ungempa nani?

Langu natangulia kulisema. Asiangaliwe mwenye jina kubwa, wala mwenye jina la zamani. Aangaliwe yule aliyekwisha kujenga gemu la namna ile ile kwa ajili yake mwenyewe kabla hajapewa la mtu.

Mfano ni Larian wa Ubelgiji. Baldur's Gate ya kwanza BioWare waliitoa 1998, ya pili 2000, halafu ya tatu ikangojwa zaidi ya miaka ishirini. Larian waliwahi kwenda kwa Wizards of the Coast, wenye mali, kuiomba, wakaambiwa bado wachanga. Hawakukaa kitako kulia. Walikuwa na Divinity: Original Sin, waliyoitoa 2014 kwa kusaidiwa na michango ya mashabiki, karibu dola milioni moja. Wakaenda wakajenga ya pili, 2017. Zote ni za vita vya zamu kwa zamu, zote zinakuruhusu umwage mafuta chini kisha uwashe moto, ufungue mlango kwa ufunguo au kwa shoka. Mwenye mali alipoiona hiyo ya pili, ndiye aliyewafuata yeye. Wakaiuza sehemu ya kwanza ya Baldur's Gate 3 tangu Oktoba 2020 ikiwa haijakamilika, wakawasikiliza wachezaji karibu miaka mitatu, wakaitoa nzima Agosti 2023. Mwisho wa mwaka huo ikachukua tuzo ya gemu bora.

Aspyr je? Kazi waliyojulikana nayo ni kuyahamisha magemu ya wengine kuyapeleka kwenye Mac na kwenye simu. Hiyo KOTOR ya simu niliyomtilia mpwa wangu ni kazi yao, na wameifanya vizuri. Lakini hamali hodari wa kupandisha kabati kwenye ngazi nyembamba za Mji Mkongwe bila kulikwaruza, huyo ni hamali hodari. Hukumwona akichonga kabati.

Karibuni.

---

Kijana_wa_Buguruni

Wakuu mbona jibu rahisi? Wapewe wenyewe BioWare. Waliotengeneza ndio wanaojua. Uzi ufungwe.

---

Fundi_Mlandege

Kaka wa bara karibu Unguja, lakini uzi haufungwi hivyo.

Hapa mjini kuna pahala, sipataji, pakiuzwa urojo na bibi mmoja ambaye foleni yake ilikuwa inazuia gari. Bibi kafariki. Kibao kiko vile vile, meza ile ile, hata masufuria ni yale. Nenda kaonje. Bajia kama mpira, na ukwaju kama umepita mbali ukapungia mkono.

BioWare ndiyo hiyo. Madaktari wawili miongoni mwa walioianzisha, Muzyka na Zeschuk, waliondoka 2012. Walioandika KOTOR wengi wako kwengine au wamestaafu. Ukiwapa BioWare leo umekipa kazi kibao cha mlangoni.

---

BintiMalindi

Salaam. Kaka Fundi, hapo umemkata mwenzio haraka mno.

Mbona Final Fantasy VII? Mie ndilo gemu langu. La 1997. Walipotangaza 2015 kuwa linajengwa upya, Square Enix walikuwa wanashirikiana na studio ya nje, CyberConnect2, wanaosifika kwa magemu ya mapigano ya Naruto. Mwaka 2017 wakasema basi, tunairudisha kazi ndani. Na ndani kulikuwa na nani? Kitase, aliyeongoza lile la kwanza, na Nomura, aliyewachora wahusika wake. Likatoka Aprili 2020 na likawa zuri. Kwa hiyo bibi mwengine bado yuko hai na urojo wake ni ule ule.

Tena nakwambia jambo moja la ajabu. Hao wa asili ndio waliothubutu kukibadilisha kisa. Mgeni asingethubutu, angeogopa mashabiki. Kuna pahala mle ndani unajua kabisa nini kitatokea, unajishika roho, halafu kinatokea chengine. Nilipiga kelele saa saba za usiku, mama akadhani mwizi.

---

Kijana_wa_Buguruni

Asante dada. Fundi jibu hilo 😂

---

Fundi_Mlandege

Nimekubali nusu. Bibi akiwa hai, apewe bibi. Lakini uhakikishe yuko hai.

---

Mkaazi_wa_Wete

Nyote mnamtazama mpishi. Hakuna anayemtazama aliyeshika saa na mfuko wa pesa.

Obsidian wako hai au wamekufa? Walianza 2003, watu waliotoka studio ya Black Isle, walewale wa Fallout 2 na Planescape: Torment. Ukitaka mafundi wa magemu haya duniani, hao. Wakapewa KOTOR ya pili. Wakapewa na muda wa kuipika? Ilitakiwa dukani Disemba 2004, mwaka mmoja na kitu tu tangu waianze. Wakakata vipande vipande, kuna sayari nzima ya maroboti haikuingia. Ukifika mwisho wa lile gemu unahisi kama kitabu kilichochanwa kurasa. Mashabiki wenyewe ndio waliokaa miaka wakavifukua vile vipande ndani ya mafaili na kuvirudishia.

Ikaja 2010, Fallout: New Vegas. Miezi kumi na minane wamepewa. Wakatoa gemu ambalo mpaka leo watu wanagombana kulisifu, lakini siku ya kwanza lilikuwa bovu kwa hitilafu, linaganda kama bahari haina upepo. Mmoja wao, Avellone, alikuja kusema 2012 kwamba mkataba uliwaahidi bonasi wakifika alama 85 kwenye Metacritic, mtandao unaokusanya alama za wahakiki. Walipata 84.

Alama moja yakhe. Mafundi wale wale, ustadi ule ule. Kilichokosekana ni muda, na muda hautolewi na fundi.

Kwa hiyo Fundi, ile kanuni yako ya "aliyejenga lake mwenyewe" inamsifia Larian kwa kitu kisicho chake peke yake. Larian walijichapishia wenyewe. Hawakuwa na bwana wa kuwaambia Krismasi imefika, fungeni. Ungewapa wao ile miezi kumi na minane, leo tungekuwa tunawacheka.

---

BintiMalindi

Hapo Mpemba kasema.

---

Fundi_Mlandege

Hapo kanishika pabaya kweli. Nipe usiku mmoja.

---

Mkaazi_wa_Wete

Na wakati unalala nakuongezea. Bloodlines, gemu la vampaya la Troika, 2004. Lilitoka siku moja na Half-Life 2, gemu lililongojwa na kila mtu, ukitaka kujua bahati mbaya ina sura gani. Troika wakafunga mwaka uliofuata, lakini gemu likapendwa na watu baada ya kufa mamaake. Machi 2019 wachapishaji Paradox wakatangaza la pili, wamepewa Hardsuit Labs, na mwandishi ni yule yule wa kwanza, Mitsoda. Mashabiki wakasherehekea, bibi yuko hai! Agosti 2020 Mitsoda akafukuzwa. Februari 2021 Hardsuit wote wakaondolewa. Likapewa The Chinese Room wa Uingereza, watu wa magemu ya kutembea taratibu na kusikiliza kisa. Likatoka Oktoba 2025. Wapo waliolipenda. Wengi walisema si Bloodlines ni gemu jengine limevaa kanga yake.

Hapo mwenye mali alianza na bibi kabisa, kwa kanuni yako na ya dada. Kilimsaidia nini?

---

Chokaa_na_Boriti

Asalaam. Huwa nasoma tu siandiki, lakini mmegusa kazi yangu.

Mie ni mwashi, natengeneza nyumba za Mji Mkongwe. Na magemu nacheza, usiku, mgongo ukishakataa kazi nyengine. Kwa hiyo nina haki mara mbili.

Nyumba zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, juu boriti za mikoko. Mwaka jana nimeitwa nyumba moja ambayo mkandarasi fulani aliitengeneza kabla yangu. Kwa macho inang'aa. Nikaweka kiganja ukutani, baridi na mbichi. Nikagonga kwa kifundo cha kidole, ikalia kama ngoma. Nikaingiza ncha ya mwiko, plasta ikadondoka bamba zima kama gamba la mua, na nyuma yake chumvi nyeupe imeota kama ukungu. Alipiga saruji juu ya chokaa. Jiwe la matumbawe linanyonya maji na linayatoa. Chokaa inaliacha lipumue. Saruji inaliziba mdomo, maji yanatafuta njia, yanasukuma, plasta inabambuka, na boriti zinaoza zilipoingia ukutani. Yule mkandarasi si mjinga. Kajenga maghorofa mazuri tu huko Mbweni. Lakini kaja na mkono wa ghorofa.

Kwa hiyo nnachouliza mie kabla ya "studio gani" ni hichi: hili gemu limejengwa kwa nini? Kwa sababu si kila nyumba inataka kubomolewa, na si kila moja inataka chokaa tu.

Angalieni Oblivion. La 2006, la Bethesda. Aprili 2025 likatoka lililotengenezwa na Virtuos wa Singapore, studio ambayo mshabiki wa kawaida haijui hata jina. Walifanya nini? Chini waliiacha injini ile ile ya zamani, ndiyo inayohesabu kila kitu. Juu yake wakaweka picha za injini mpya, Unreal Engine 5. Matumbawe yale yale, plasta mpya inayokubaliana nayo. Hata makosa wameyaacha. Kuna mama mmoja mle ndani, aliyemtia sauti alikosea maneno wakati wa kurekodi, akaomba arudie, na ile ya kuomba arudie ikasahauliwa ndani ya gemu. Wamemwacha! Nilipomsikia nilicheka peke yangu, mke wangu akaja kuangalia. Huyo ni fundi aliyejua kipi cha kutogusa.

Fundi_Mlandege umewadharau mahamali. Kwa kazi ile, hamali ndiye aliyetakiwa.

---

Kijana_wa_Buguruni

Na ile GTA ya 2021 ya San Andreas na wenzake je? Si nao walikuwa wahamishaji? Wahusika sura kama vikaragosi, mvua kama nyuzi za tambi, vibao vya maduka vimeandikwa vibaya kwa sababu waliiachia kompyuta ikuze picha peke yake.

---

Chokaa_na_Boriti

Kweli. Hamali naye yuko anayeangalia anapokanyaga na yuko asiyeangalia.

Ila niongeze jengine, kwa sababu huwa linaniuma. Icewind Dale II, la 2002, la Black Isle. Beamdog wa Kanada ndio waliozipa uhai mpya Baldur's Gate mbili za kwanza, 2012 na 2013, wakafanya Icewind Dale ya kwanza, wakafanya Planescape: Torment 2017. Mashabiki wakangoja ya pili. Beamdog wakasema tumeutafuta msimbo wake wa asili, haupo. Umepotea. Kampuni iliyumba, watu wakahama, na mafaili yakaenda na upepo.

Nyumba isiyo na mchoro nimeshaifanya. Unapima kwa kamba chumba kwa chumba, unachora upya, na bado ukuta mmoja unakudanganya.

---

BintiMalindi

Beit el Ajaib, ilivyoporomoka 😔

---

Chokaa_na_Boriti

Tusiiingize humo dada. Pale walikufa watu.

---

BintiMalindi

Samahani. Kweli.

---

Fundi_Mlandege

Nimelala, nimeamka, nimefungua duka, umeme umekatika, kwa hiyo nina muda.

Mkaazi wa Wete, nimekubali, lakini si yote. Umesema muda hautolewi na fundi. Fundi mzuri anaweza kuukataa mkataba. Machi 2024 Larian walisema hawafanyi Baldur's Gate ya nne, wanarudi kwenye magemu yao. Baada ya pesa zote zile! Wangapi wanaweza? Aliye na nyumba yake mwenyewe. Asiye na nyumba anakubali miezi kumi na minane kwa sababu Ijumaa kuna mishahara. Kwa hiyo "aliyejenga lake mwenyewe" kwangu mie sasa ina maana mbili: anaujua ukuta, na ana pa kurudi akinyimwa muda. Hiyo ya pili sikuwa nimeiona mpaka uliponibana.

Mwashi, kwako sina la kubisha. Nilikosea kuuliza studio kabla ya kuuliza ugonjwa. KOTOR nimeifungua jana usiku nikaitazama kwa jicho lako. Maandishi yake yamesimama imara. Sauti zimesimama. Kinachochosha ni kutembea, korido ndefu tupu, na sura za watu kama mbao. Kumbe ile haikuhitaji kubomolewa! Ingepigwa chokaa kama Oblivion, labda tungekuwa tumeshaicheza. Kosa la kwanza si kumchagua Aspyr, ni kumtaka hamali ajenge ghorofa.

Na kuna kitu bado kinanikera. KOTOR ya pili ya Switch, mashine ya Nintendo, 2022, waliahidi wataileta ile kazi ya mashabiki ya kurudishia vipande vilivyokatwa. Mwaka uliofuata wakasema haiji tena. Vipande vipo, vimeshapangwa, vimekaa mlangoni.

---

Kijana_wa_Buguruni

Sawa mkuu, lakini swali lako la kwanza hujalijibu. Baldur's Gate ya nne. Larian hawamo. Nani?

---

Fundi_Mlandege

Ningewaita studio ya Owlcat. Wana Pathfinder mbili, 2018 na 2021, na Rogue Trader ya 2023. Sheria za dadu wanazijua kuliko walioziandika. Na katika ile Pathfinder ya pili umeachiwa uchague, vita vya zamu au vya kwenda moja kwa moja ukisimamisha unapotaka, kama Baldur's Gate za kwanza zilivyokuwa. Mtu aliyejipa taabu ya kujenga milango miwili ni mtu anayewaheshimu wazee na vijana.

---

Mkaazi_wa_Wete

Owlcat! Kingmaker, ile Pathfinder ya kwanza, ilipotoka ilikuwa na hitilafu kama chawa.

---

Fundi_Mlandege

Ndiyo. Wakakaa wakazichambua moja moja. Ndiyo maana mwenye mali aandike kwenye mkataba mwaka mmoja wa ziada, kwa jina lako.

---

Mkaazi_wa_Wete

Hapo sawa. Nitie saini wapi?

---

BintiMalindi

Na mpwa wako je? Kafika wapi?

---

Fundi_Mlandege

Yuko sayari ya kwanza, Taris. Kakwama kwenye mbio za pikipiki. Kila siku baada ya skuli anakuja kuchaji simu dukani na kunilalamikia.

---

Chokaa_na_Boriti

Mwambie jambo moja la muhimu. Asizitumie levo zake zote, yaani zile ngazi za kupanda nguvu, huko Taris. Azihifadhi, azitumie akishakuwa Jedi, atakuwa na nguvu mara mbili. Mie nililijua hilo baada ya kulimaliza mara tatu.

---

Mkaazi_wa_Wete

Na mtu asimwambie ile siri ya katikati! Nawajua nyinyi wa mjini.

---

Fundi_Mlandege

Siri sijamwambia, wallahi.

Ya levo nimempigia simu sasa hivi. Kashazitumia zote.